Jani Chungu na Sukari ya Damu: Mwenye Kujua Dawa Ana Deni Gani?

Mara nyingi tunapoandika juu ya mila zetu, tunaandika juu ya ndoa, mahari, matanga na majina ya watoto. Leo ninapenda tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoota nyuma ya nyumba zetu: jani la dawa. Tena si kila jani, ila yale majani machungu ambayo watu wanakunywa mbele au nyuma ya kula, ili sukari isipande katika damu.

Ugonjwa wa sukari, ambao wengi kwetu wanauita diabeti, zamani ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa wakubwa, wa watu wa gari na tumbo. Leo uko katika kila mtaa. Uko kwa mwalimu, uko kwa mama wa sokoni, uko hata kwa mtoto wa shule. Na pale unapoingia nyumbani, haipiti wiki mbili bila jirani kuleta kichupa au kifungu cha majani: « Kunywa hii, sukari itashuka. Miye mwenyewe niliona mutu alipona. »

Wako wanaomcheka jirani huyo, wakisema ni ujinga wa kijijini. Wako pia wanaomwamini kabisa, mpaka wanatupa dawa za hospitali. Mimi naona wote wawili wanalikimbia swali lenyewe. Swali ni hili: mtu anayejua jani lenye nguvu ana deni gani kwa mgonjwa anayekuja kumwomba? Je, ametimiza wajibu wake akitoa jani tu? Ana haki ya kulificha? Ana haki ya kuliuza kwa maneno makubwa? Ili tujibu, lazima kwanza tujue jani linafanya nini katika mwili, maana kuhukumu mema na mabaya bila kujua kitu chenyewe ni kupiga maneno ya hewani.

1. Bugali katika damu

Mimi ninafundisha biolojia. Kila mwaka ninawaambia wanafunzi wangu: chukueni kipande kidogo cha muhogo uliopikwa, tafuneni polepole bila kumeza, hesabuni mpaka mia. Mwishoni wanashangaa: « Mwalimu, inakuwa sukari! » Ndiyo. Katika mate yetu kuna kitu kinachokata wanga wa muhogo vipande vipande. Kazi hiyo inaendelea katika utumbo mdogo, na vipande vya mwisho, vinavyoitwa glukozi, vinaingia katika damu. Bugali wa muhogo, bugali wa mahindi, viazi, ndizi, mchele, mkate: karibu wanga wote huo unaishia katika glukozi ileile moja.

Kwa mtu mzima wa afya, kongosho inatoa insulini, na insulini inafanya kazi kama ufunguo: inafungua mlango wa mwili ili glukozi itoke katika damu na kuingia pale inapohitajika. Asubuhi, mbele ya kula, damu ya mtu wa afya inakuwa na glukozi kati ya miligramu 70 na 100 kwa desilita moja. Saa mbili nyuma ya kula, kwa kawaida haipiti 140. Munganga anamhesabu mtu kuwa mgonjwa anapokuta 126 au zaidi kwa mtu aliyelala bila kula, ama 200 au zaidi saa mbili nyuma ya kunywa gramu 75 za glukozi, na mara nyingi anarudia kipimo ili ahakikishe. Sukari ikikaa juu miaka na miaka haileti kelele. Inaharibu macho, figo na mishipa ya miguu polepole, na mtu anajua tu siku anapoona kidonda cha kidole kimekataa kupona.

Magonjwa haya yako ya aina mbili kubwa, na ninaomba msomaji aishike tofauti hii, maana tutairudia. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi, hasa watu wazima, kongosho bado inafanya kazi, lakini mwili hauisikii tena insulini vizuri. Katika aina ya kwanza, ambayo mara nyingi inawapata watoto na vijana, kongosho imeacha kutoa insulini. Mgonjwa huyo asipochomwa insulini, hataishi.

Sasa tazameni jambo moja. Mila yetu ya kula ilikuwa tayari na hekima yake. Bugali hauliwi peke yake. Unaliwa na sombe, na lengalenga, na maharagwe, na sambaza kama ziwa limetoa. Nyuzinyuzi za mboga na maharagwe zinachelewesha kazi ya tumbo, na glukozi inaingia katika damu pole kwa pole. Watafiti wamepima hata mpangilio wenyewe wa kula: mgonjwa aliyeanza na mboga na nyama, akamaliza na wanga, sukari yake ilipanda kidogo kuliko siku aliyoanza na wanga. Shida yetu ilikuja pale mlima wa bugali ulipobaki mkubwa vilevile, mboga ikapungua, na juu yake tukaongeza mkate mweupe, chai ya sukari mara tatu kwa siku, na chupa ya kinywaji kitamu katika kila sherehe. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza juu ya jani la ndani ya chupa, tuulize kwanza juu ya jani la ndani ya chungu.

2. Je, majani yana nguvu kweli?

Yana nguvu. Anayesema majani ni maji matupu hajui historia ya dawa anazonunua farmasi.

Tuanze na mti wa kwetu, mubirizi. Wataalamu wanauita Vernonia amygdalina. Ndugu zetu Waganda wanauita mululuza, na watu wa Kameruni wanayaosha majani ya jamii hiyo ili kutoa uchungu, wanayapika na karanga, ndiyo mboga yao mashuhuri ya ndole. Wazee wetu waliyatoa kwa minyoo, kwa homa na kwa tumbo. Hata nyani wanaujua mti huu: ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa kabila la Watongwe anayejua dawa, walimuona sokwe jike mgonjwa akitafuna shina la mti huu na kufyonza maji yake machungu. Juu ya sukari, panya wa laboratuari waliopewa maji ya majani hayo sukari yao ilishuka katika majaribio mengi. Kwa wanadamu majaribio bado ni machache na madogo. Hiyo ndiyo hali yake: kuna dalili nzuri, hakuna kipimo kilichokubaliwa.

Mti wa pili si wa asili ya huku, lakini Kivu nzima inaujua: kinkina. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, ukapandwa kwetu wakati wa ukoloni, na Bukavu kulijengwa kiwanda cha kutoa kinini katika maganda yake. Kila mtu anajua kinini ni dawa ya malaria. Wachache wanajua kwamba kinini inaisukuma kongosho itoe insulini, na kwa hiyo inashusha sukari ya damu. Hii ni hatari hasa kwa mama mwenye mimba na kwa mtoto mwenye malaria kali. Ndiyo maana infirmie aliyefundishwa vizuri anaitia kinini katika serumu yenye glukozi, na anachunga sukari ya mgonjwa. Sisi wote tumeiona chupa hiyo imening'inia juu ya kitanda. Kumbe ndani yake kulikuwa na somo zima: dawa ya mti mmoja, kwa mgonjwa huyohuyo, inaweza kuokoa kwa upande mmoja na kuua kwa upande mwingine, na kinachotenganisha pande hizo mbili ni mtu anayejua na kupima.

Mti wa tatu ni wa Ulaya, unaitwa galega. Watu wa vijiji vya huko waliutumia kama dawa tangu zamani, na wafugaji walijua pia kwamba unaweza kuua kondoo. Wanakemia walikuta ndani yake vitu vya jamii ya guanidini, vinavyoshusha sukari lakini vina sumu. Mwaka 1922 ilitengenezwa ndugu yake isiyo na sumu ile, metformini, na mwaka 1957 munganga Jean Sterne wa Paris alitangaza matokeo yake kwa wagonjwa. Leo metformini ndiyo kidonge cha kwanza cha wagonjwa wengi wa aina ya pili duniani kote. Mgonjwa anayetupa kidonge hicho akisema anarudia miti, hajui kwamba kidonge chenyewe kilitoka katika njia ya miti.

3. Milango mingi, namba moja

Nikiishia hapo, muuzaji wa chupa atafurahi, atasema: « Munaona? Hata mwalimu ameandika. » Lakini bado sijamaliza.

Mashine ndogo ya kupimia sukari inatoa namba moja tu. Namba ikishuka, mgonjwa anapiga makofi. Lakini namba hiyo inaweza kushuka kwa milango mingi iliyo tofauti kabisa.

Mlango wa kwanza ni kuchelewesha kazi ya kukata wanga katika utumbo. Ndivyo yanavyofanya majani ya mforosadi, ule mti ambao majani yake yanaliwa na viwavi vya hariri. Mlango wa pili ni ute na nyuzinyuzi zinazofunga chakula kama uji mzito, kama zinavyofanya mbegu za uwatu. Milango hii miwili inahusu hasa saa zile mbili za nyuma ya kula. Mlango wa tatu ni kuisukuma kongosho, kama kinini. Mlango wa nne ni kulizuia ini lisimwage sukari yake katika damu. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya metformini. Mlango wa tano ni kuitupa sukari katika mkojo. Mwaka 1835 wanakemia wa Ubelgiji walitoa kitu kichungu katika gome la mizizi ya mtofaa. Kwa sababu ya uchungu wake walidhani kitatibu homa kama kinkina. Mwaka 1886 Mjerumani von Mering alionyesha kwamba kinaleta sukari katika mkojo. Kutoka hapo, nyuma ya kazi ndefu, mwaka 2012 Ulaya iliruhusu kidonge cha kwanza cha jamii hiyo. Kutoka gome mpaka kidonge ni miaka 177.

Na kuna mlango mwingine, mlango wa mauti. Katika Afrika ya Magharibi unaota mti unaoitwa Blighia sapida, uliopelekwa mpaka Jamaika wakati wa biashara ya watumwa, na tunda lake linaliwa huko sana. Lakini tunda lisiloiva lina sumu. Mtu anatapika, sukari inaanguka chini kabisa, na anaweza kufa. Sumu hiyo ilipotambuliwa miaka ya 1950 iliitwa hipoglisini, yaani jina lake lenyewe linasema « inashusha sukari ». Inaishusha kwa kuuzuia mwili usitumie mafuta yake, basi mwili unakula sukari yote iliyobaki.

Fikirini basi. Mtu angeweza kusimama sokoni na tunda hilo bichi, apime damu ya mgonjwa mbele ya macho ya watu wote, na namba ingeshuka kweli. Asingesema uongo hata kidogo. Na mgonjwa angekufa. Kwa hiyo neno « inashusha sukari » si ushahidi wa kupona. Ni nusu ya habari, na nusu ya habari katika mambo ya uhai inaweza kuwa mbaya kuliko uongo, maana uongo utagunduliwa mapema, lakini nusu ya kweli inaaminiwa mpaka kaburini.

4. Nani mlinzi wa mila?

Si mbali na shule ninapofundisha, alikuwako kijana wa miaka 15 mwenye ugonjwa wa aina ya kwanza. Alikuwa anachomwa insulini kila siku, na mama yake aliuza mkaa ili kupata pesa ya dawa na ya kwenda hospitali. Mama huyo alisikia habari za bibi mmoja mzee anayejua mubirizi, akaenda kumwomba. Bibi alimtazama mtoto, akauliza maswali, kisha akakataa: « Mama, hii jani minapatiaka watu wazima, wenye mwili. Mutoto anakonda hivi, anakojoa usiku muzima, hii haiko ya kwangu. Rudisha yeye kwa munganga. »

Mama hakuridhika. Alikutana na mchuuzi mwenye chupa nzuri zenye karatasi ya rangi. Huyo hakuuliza swali lolote. Alisema tu: « Yangu ni dawa ya asili, ya bankambo. Haipatani na sindano. Acha kwanza sindano. » Siku ya tatu kijana alikuwa anatapika na kupumua kwa haraka, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Alifikishwa hospitali hana fahamu. Serumu na insulini vilimrudisha, naye alirudi darasani nyuma ya wiki nyingi.

Ninauliza: kati ya wawili hao, nani alikuwa mlinzi wa mila? Mchuuzi ndiye aliyetamka neno « bankambo », lakini bibi ndiye aliyefanya kazi yao. Kwa wazee wetu kujua dawa hakukuwa kujua jani peke yake. Kulikuwa kumjua mgonjwa, na kujua mahali ambapo mkono wako unafika mwisho. Bibi yule hakusoma biolojia, lakini aliona tofauti ileile ambayo sisi tunaifundisha kwa jina la aina ya kwanza na aina ya pili. Na hakuwa peke yake duniani. Waganga wa Uhindi wa zamani, katika vitabu vya Sushruta na Charaka, waliona kwamba mkojo wa wagonjwa fulani unavuta sisimizi, wakauita mkojo wa asali, na waliwatofautisha wagonjwa wembamba na wagonjwa wanene. Hawakuwa na mashine. Walikuwa na macho na unyofu.

Mila ya kweli ina mipaka ndani yake. Inayouzwa bila mipaka ni biashara iliyovaa nguo za mila.

5. Habari ya siri

Hapa kuna ugumu, na sitaki kuuruka. Katika jamaa zetu nyingi dawa ni siri. Baba anamwonyesha mtoto mmoja tu, pengine siku za mwisho za maisha yake. Je, siri hiyo ni kosa?

Siri ilikuwa na sababu nzuri. Ilizuia jani lenye nguvu lisiangukie mikono ya kila mtu. Ililinda kazi ya jamaa iliyokesha na wagonjwa. Ilimlazimisha mwanafunzi kukaa miaka karibu na mwalimu wake, mbele ya kuaminiwa. Lakini siri hiyo iliwezekana pale mganga na mgonjwa walipokuwa wa kijiji kimoja. Mgonjwa akidhurika, watu walijua mlango wa kugonga. Leo dawa inatolewa Walungu, inanywewa Kisangani, na aliyeitoa hajulikani. Siri imebaki, ila wajibu uliokuwa unaifuata umetoweka. Na tena, vita na kukimbia nyumba vilivyotupata tangu mwaka 1996 vimewaua au kuwatawanya wazee wengi mbele hawajamwonyesha mtu. Siri iliyowekwa ili kulinda dawa, mara ngapi imeizika?

Wengine wananijibu: « Tukisema, wageni watatuibia. » Neno hilo si la kupuuzwa, maana Afrika imeibiwa mengi. Ni kwa sababu hiyo mwaka 2010 mataifa yaliandika Protokali ya Nagoya, inayotaka anayetumia mimea na ujuzi wa wenyeji apate kwanza ruhusa yao na agawane nao faida. Nchi yetu ni mmoja wa waliojiunga. Lakini kitu ambacho hakijaandikwa popote ni vigumu kukidai. Daftari lenye tarehe, jina la jamaa na jina la mmea, linalowekwa kwa makubaliano ya wenyewe, ni ushahidi. Tuna hata watu wa kutusaidia kutambua mimea: kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 1947 chini ya Kahuzi, kimekusanya na kusomea mimea ya Kivu kwa miaka mingi.

Wengine wanasema: « Maskini hana pesa ya hospitali. Jani ndilo linalopatikana. » Hili ndilo neno gumu kuliko yote. Ni kweli metformini si dawa ya bei kubwa, lakini kuna pesa ya safari, ya kumuona munganga, ya vipande vya kupimia damu. Sitamlaumu maskini anayechemsha majani. Lakini umaskini wake hautupunguzii deni, unatuongezea. Tajiri akidanganywa, atapanda gari kesho na kurekebisha kosa. Maskini hana pesa ya kosa la pili. Yeye zaidi ya wote anastahili kuambiwa kweli yote mara ya kwanza.

Tuone pia mfano wa insulini. Tarehe 11 Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa insulini kwa mara ya kwanza. Dawa ile ya kwanza haikuwa safi, ilimletea madhara, wakaisimamisha, wakaisafisha, wakarudia tarehe 23 na ikafaulu. Waliokuwa na haki juu ya ugunduzi huo waliiuza kwa Chuo Kikuu chao kwa dola moja moja. Kuna mambo mawili hapa. Moja, walikubali kusimama pale dawa ilipoleta madhara, ingawa walikuwa na haraka ya sifa. Lingine, hawakutaka kutajirika kwa ufunguo wa uhai wa watu. Ni kweli, mpaka leo insulini haiwafikii maskini wote, maana nia njema ya wagunduzi haitoshi bila serikali na biashara kuwa na haki. Lakini mfano unabaki.

6. Madeni manne

Basi nikirudi kwenye swali letu, ninaona mwenye kujua jani ana madeni manne.

Deni la kwanza ni jina. Mgonjwa awe na haki ya kujua anakunywa nini. Anayetaka kuificha dawa yake kwa watu wa mtaani aifiche, lakini siyo kwa yule anayeimeza, wala kwa munganga anayemtunza. Mgonjwa anayekunywa vidonge vya kuisukuma kongosho, kisha anaongeza jani lenye kazi ileile, sukari yake inaweza kuanguka ghafla: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Mtu akiwa hivyo apewe haraka kitu cha sukari kama bado anaweza kumeza, na apelekwe kwa munganga. Infirmie ambaye hajui kuna jani ataitafuta sababu gizani.

Deni la pili ni kipimo. « Chemsha majani kidogo » si kipimo. Jani la kiangazi na jani la mvua, jani bichi na lililokauka, maji ya kikombe na maji ya sufuria, nguvu zake haziko sawa. Anayependa kujua kama jani linasaidia nyuma ya kula afanye kama tunavyofundisha darasani: chakula kilekile, siku na jani na siku bila jani, kupima mbele ya kula na saa mbili baadaye, kuandika, kurudia siku nyingi, na munganga awe na habari. Namba moja nzuri ya siku moja haina maana.

Deni la tatu ni mpaka. Kusema wazi: hii si ya mtoto, si ya mama mwenye mimba, si ya mtu wa figo mbovu, si ya anayeishi kwa insulini. Neno « sijui » na neno « hapana » ni sehemu ya uganga. Anayesema jani lake linatibu sukari, presha, ugumba na pepo kwa chupa ileile, amekwisha kujihukumu.

Deni la nne, na ndilo kubwa: kutomwachisha mgonjwa dawa aliyopewa. Hata kama unaliamini jani lako kwa moyo wote, huna haki ya kuujaribu uhakika wako juu ya mwili wa mtu mwingine kwa kumnyang'anya kinachomshikilia.

Waganga wa hospitali nao wana deni lao. Mgonjwa akisema anakunywa mubirizi, asipigiwe kelele. Akipigiwe kelele leo, kesho ataficha, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Aulizwe kwa upole: jani gani, kiasi gani, tangu lini? Maswali hayo matatu yanaweza kuokoa mtu.

Mwisho

Kuheshimu mababu hakutaki tuamini kila kinachosemwa kwa jina lao. Wao wenyewe walijaribu, waliona, waliacha kilichodhuru, wakashika kilichofaa. Wangekuwa na mashine ya kupimia damu, ninaamini wangeitumia. Ninapendekeza kwamba shirika letu lifungue daftari la majani katika kila mtaa. Wazee watakaokubali wasimulie, waalimu waandike, wataalamu wa mimea watambue, infirmie aulizwe. Katika kila ukurasa kuwe na mistari minne: jina, kipimo, mpaka, na dawa isiyopaswa kuachwa. Ukurasa ambao mstari wake wa tatu ni mtupu usisomwe kwa mgonjwa. Na ninaomba ukurasa wa kwanza uandikwe maneno ya bibi yule: « Hii haiko ya kwangu. Rudisha yeye kwa munganga. »